Sumu ya Inshira kwa Mama Mkwe

Nyamitaba, tarehe 5 Septemba 1954, siku ya Mungu

Mvua ya kwanza imeanguka katikati ya misa. Ilipiga mabati kwa nguvu hata Padri akanyamaza, akakaa, akangoja ipungue. Wakati wa kurudi nyumbani Semana, mume wangu, aliniambia kwamba mama yake atashuka kutoka Kirolirwe aje kukaa kwetu siku chache. Sikuuliza sababu. Tumeoana miaka mitatu, na mama mkwe, Nyirabagenzi, hajawahi kulala kwetu hata mara moja. Anasema nyumba inayonuka dawa inaharibu maziwa.

Daftari hili nilipewa na masista siku nilipomaliza mafunzo ya uuguzi. Lilikaa tupu. Leo nimelifungua kwa sababu mimi Emérita, ninayefunga vidonda na kuzalisha wanawake kila siku katika dispanseri, namwogopa mwanamke mmoja mzee, na sina mtu wa kumwambia.

Tarehe 8

Amefika kwa miguu, na chungu cha siagi na fimbo yake. Mkono wa kushoto ameubana ubavuni kama mtu aliyeficha yai kwapani. Alitazama rafu yangu ya chupa, kisha akamwambia Semana, si mimi, kwamba atalala karibu na mlango.

Tarehe 9

Mvua. Ameonja uji wangu akauweka chini.

Tarehe 12, siku ya Mungu

Leo nimeona. Nilimpelekea maji ya moto nyuma ya nyumba, nikamkuta amefungua kitambaa. Titi la kushoto limekuwa gumu kama jiwe la kusagia, ngozi imevutwa ndani, na chini ya kwapa pana uvimbe wa ukubwa wa kiazi. Pahali pamoja pamepasuka. Ametia majani na siagi.

Hakujifunika. Alinitazama kama mtu anayengoja kuona nitakimbia ao nitabaki.

"Tangu wakati gani, Mama?"

"Tangu mavuno ya mahindi."

"Mahindi ya mwaka huu?"

"Ya mwaka ile uliolewa."

Miaka mitatu amekamua ng'ombe, amebeba maji, amecheza kwenye ndoa ya binamu ya Semana, na hakuna aliyejua. Nilisafisha kidonda. Mkono wake wa kulia ulishika ukingo wa beseni hata vidole vikawa vyeupe, lakini sauti haikutoka.

Tarehe 15

Dokta Lambrecht anakuja kwenye dispanseri yetu siku ya tatu ya juma, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili, na gari lake lenye matope hadi madirishani. Ni Mbelgiji mrefu, mwenye haraka, anayejua Kiswahili kuliko anavyojua kucheka. Nimejifunza kwake mambo mengi na ninamheshimu. Alimpima mama mkwe, akaninong'oneza kwa Kifaransa: ni kansere, imeshuka hadi kwapani, kisu kimechelewa. Akaacha morfini ya kutuliza maumivu.

Tarehe 18

Morfini imemlaza siku nzima na kumtapisha. Alipopata nguvu ya kusema alinirudishia kichupa.

"Hii dawa inanifanya mufu mbele ya kufa. Mutu anaingia, siwezi hata kumutambua. Sitaki tena."

Tarehe 22

Hakulala. Sisi pia.

Tarehe 23

Vilevile.

Tarehe 24

Vilevile. Semana amekwenda kuuza maziwa na kurudi nayo yote. Alisahau kuyatua.

Tarehe 29

Dokta amekuja na jarida la madaktari chini ya koti, lisilowe. Alinikalisha kwenye meza ya dawa. Kuna madaktari huko Ulaya na Amerika, alisema, ambao kwa miaka sasa wanawapiga wagonjwa wa kansere shindano, sindano ya sumu ya nyoka. Si ya nyoka yeyote: ya yule mweusi anayefungua shingo, ambaye nyumbani tunamwita inshira. Kipimo ni kidogo sana, chembe ya chembe. Maumivu yanapungua polepole, siku kwa siku, na mgonjwa habaki mlevi kama kwa morfini. Wengine wameandika kwamba hata uvimbe hurudi nyuma.

"Unaamini, Dokta?"

"Maumivu, naamini. Uvimbe, sijui. Nataka kuona."

Dawa iliyotengenezwa Ulaya aliiomba mwaka jana, haikufika. Kwa hiyo ataitengeneza mwenyewe. Yuko mtu huko Mpofi, upande wa Walikale, anayekamata nyoka wakiwa wazima. Amekwisha kumwandikia.

Alipokuwa akivaa kofia alisema, "Usimwambie mgonjwa. Mwambie ni dawa ya Ulaya. Akiogopa, hataniachia nafasi."

Nikasema ndiyo, Dokta. Nimezoea kusema ndiyo, Dokta.

Tarehe 3 Oktoba, siku ya Mungu

Mvua siku nzima. Njia ya chini imekuwa mto.

Tarehe 6

Mtu wa nyoka amefika. Jina lake Isidore. Nilifikiri nitamwona mtu wa kutisha; ni mfupi, mpole, ana koti la zamani la askari, na kwa mkono amebeba kikapu cha matete kilichoshonwa mdomo. Wagonjwa walitoka kwa mlango na kwa dirisha. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi alinyanyuka na kwenda kujifungulia kwa jirani.

Dokta alikuwa amefunga kitambaa chembamba cha mpira juu ya bilauri. Isidore alifungua kikapu, akangoja, akaingiza mkono kama mtu anayechukua kitu kwenye mfuko wake mwenyewe. Inshira alitoka mweusi, anang'aa, mrefu kumzidi aliyemshika. Meno yakatoboa mpira. Katika bilauri yakaanguka matone ya manjano, sijui kama yalifika kumi.

Dokta alitaka kubonyeza zaidi nyuma ya taya. Isidore akamwambia, kwa adabu lakini bila kungoja ruhusa, "Inatosha, Dokta. Iko mwanamuke huyu, na iko na mayai. Usimuumize."

Baada ya kazi alikaa kwenye kiti cha wagonjwa na kunywa maji. Atamrudisha nyoka kulekule alikomkamata, kwa miguu, njia ya siku tatu.

Alipoondoka niliosha kile kiti kwa kreolini, dawa ya kuua vijidudu. Mara mbili. Nimesikia tangu utoto kwamba watu wa aina ile wanafuga nyoka kwa kuua wenzao, na mikono yangu iliosha kabla ya akili yangu kuamua.

Tarehe 13

Dokta ameandika. Sumu imekauka, imekuwa kama vipande vya gundi. Sasa anaijaribu kwa dende, wale wanyama wadogo anaowafuga kwenye kibanda nyuma ya hospitali.

Tarehe 20

Amekuja na chupa ndogo ya maji yasiyo na rangi. Dende mmoja alikufa, akapunguza kipimo nusu. Wengine wanakula vizuri. Nilichemsha sindano. Mama mkwe alikaa kwenye kitanda, amejifunga vizuri kama anayekwenda kanisani.

"Ni dawa gani?"

"Dawa ya Ulaya, Mama."

"Ulaya pia iko hii ugonjwa?"

"Iko."

"Kumbe." Akanipa mkono wake wa kulia.

Dokta aliandika saa. Mimi njo niliyepiga shindano.

Tarehe 21

Homa kidogo, na mkono umevimba. Nimepiga la pili.

Tarehe 24, siku ya Mungu

Sikukomunika leo, sikupokea Ekaristi. Semana aliniuliza kama niko mgonjwa. Nikamjibu kwamba nilikunywa uji asubuhi, nikavunja mfungo. Uongo unazaa haraka kuliko sungura.

Tarehe 26



Asubuhi amekuja Rukara, kaka mkubwa wa mume wangu, anayetunza ng'ombe wa familia huko Kirolirwe. Alikuja na wanaume wawili na machela ya kubebea wagonjwa. Hakuvua viatu mlangoni. Semana hakuwako, alikuwa na maziwa njiani.

"Bantu banasema mambo," alisema. "Kwenye kisima, kwenye soko, popote. Banasema mutu wa Walikale alileta inshira apa, na Muzungu akamukamua kama ngombe. Banasema mukamwana, muke wa Semana, anamupiga mama shindano ya sumu. Niliwagombeza. Nilisema ni wongo. Sasa weye sema, apa mbele ya mama. Ndani ya ile chupa iko nini?"

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango, pahali pake. Aligeuza uso kwangu.

Nilijua maneno yangeweza kutoka kwa urahisi. Dawa ya Ulaya. Nilikuwa nimekwisha kuyasema, yalijua njia. Na nilijua jambo lingine: kwetu mwanamke anayesemwa kuwa ametia sumu hana pa kwenda tena, si kwa mume wake wala kwa baba yake. Kama mama akifa kesho, na akafa kwa kansere tu, watasema ni mimi. Nikikana leo na ikajulikana baadaye, hata Semana atasema ni mimi.

Lakini si hayo yaliyonisukuma. Ni vile alivyonitazama. Alikuwa ananingoja tena, kama siku ile ya beseni.

"Ni sumu ya inshira," nikasema.

Rukara aliinua fimbo. Wale wanaume wawili walirudi nyuma hadi mvuani.

"Rukara, kaa chini," mama mkwe alisema.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Masikio haina kansere. Kaa."

Akakaa. Kisha yule mwanamke mzee aliniuliza maswali, moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti. Nyoka gani? Nani alimkamata? Kipimo gani? Nikamwonyesha kwa ncha ya sindano. Kuna mtu aliyepona? Nikasema Dokta hajui. Kuna aliyekufa? Nikasema dende mmoja. Maumivu yataisha? Nikasema labda, baada ya siku nyingi, kama tutaongeza kidogo kidogo.

"Na juu ya nini ulinidanganya?"

"Dokta alisema nisikuambie."

"Dokta alikuwa apa kila asubui? Ni mukono ya Dokta ilinichoma?"

 Nililia, na hata sasa naona haya kwamba nililia, kwa sababu aliyekuwa na sababu ya kulia ni yeye.

"Mutoke wote," alisema. "Nitafikiri. Rukara, wape wale watu chakula, na machela iende pembeni, inaziba mulango."

Tarehe 27

Hakuna shindano. Hakuna neno. Rukara amelala kwetu. Semana amesikia yote, amekaa nje akikata ukuni ambao hatuuhitaji.

Tarehe 30

Maumivu yamerudi yote. Anauma kipande cha kitambaa. Rukara, mtu mkubwa vile, anaziba masikio.

Tarehe 3 Novemba

Dokta amekuja. Nilimwambia yote kabla hajashuka kwenye gari. Uso wake ukawa mwekundu. "Umeharibu kazi ya miezi miwili," alisema, "kwa juu ya maneno ya kisimani." Nikasema, "Nilimwambia kwa sababu aliuliza." Akaniacha na kuingia ndani, mimi nyuma yake.

Mama mkwe alimwonyesha kigoda. Kigoda ni kifupi. Magoti ya Dokta yalifika kidevuni.

"Weye, Dokta," alisema, "nilifuga ngombe tangu utoto. Ngombe ikigonjwa, unaidanganya na majani muzuri kwa mukono moja, mukono ingine iko na kisu. Ni sawa. Ngombe haiulize. Miye nauliza."

Dokta alitoa kofia.  Kisha akamwambia kwa Kiswahili chepesi kwamba hajui kama dawa itamponya, na kwamba hafikiri itamponya. Anafikiri itapunguza maumivu. Akikosea kipimo, inaweza kumwua. Na alitaka pia kujifunza, kwa ajili ya wagonjwa wengine.

"Sasa tunasemezana," mama mkwe akasema. "Mulete ule mutu. Na nyoka wake. Nataka kujua ni nani anaingia mu mwili yangu."

Tarehe 4

Nafikiri juu ya Dokta. Kwa miaka minne nilimwona kama kitabu: unafungua, jibu liko. Jana nilimwona mtu aliyekaa kwenye kigoda kifupi asiyejua. Sijui kwa nini sasa namwamini zaidi.

Tarehe 10

Isidore amefika, amelowa hadi mifupani. Daraja moja la miti limechukuliwa na maji, akazunguka. Rukara na Semana walisimama nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikaa mbele ya kikapu, si mbali.

Isidore alimtoa inshira, tofauti na yule wa kwanza. Nyoka akainua kichwa, akafungua shingo. Mama mkwe alimtazama kama anavyotazama ndama anayetaka kumnunua.

"Iko muzuri," alisema. "Alishawahi kukuuma, Papa?"

"Mara moja, Mama. Mu mukono. Nilikuwa kijana, niliharakisha."

"Ulisikia nini?"

Isidore alifikiri. Ni mtu anayefikiri kabla ya kujibu, sikuwa nimegundua. "Kwanza moto. Kisha mukono ikalala. Ikalala sawa mutoto mugongoni. Kisha macho ikakuwa nzito, pumzi nayo. Baba yangu alinikalisha, akaniita jina usiku na muchana, nisiache kupumua."

"Basi miye nataka ile ya mukono kulala. Ya pumzi, abaki nayo."

Isidore akacheka, naye akacheka, na nikaona kwamba sijawahi kumsikia mama mkwe akicheka. Dokta, aliyefika na gari lake mapema, alikamua sumu. Isidore alinyweshwa maziwa kwenye kata ya nyumba, ile tunayompa mgeni wa heshima. Mama mkwe njo aliyeagiza. Rukara aliishika kata ile kana kwamba ndani yake mna nyoka mwingine.

Kiti alichokalia sikukiosha.

Tarehe 15

Chupa mpya ya Dokta imefika, tumeanza upya. Matone mawili ya dawa.

Tarehe 16

Matatu. Homa kidogo.

Tarehe 18

Manne. Anasema maumivu "yamesogea." Yamesogea wapi? "Yamekaa mulangoni. Haijatoka, lakini imekaa."

Tarehe 20

Amelala tangu jua kuzama hadi kuku kuwika. Semana aliamka mara tatu kusikiliza kama anapumua.

Tarehe 23

Amenisimamia nikisuka maziwa kwenye kibuyu. "Unakitikisa kama unamupiga mutoto," alisema. Akakishika kwa mkono wa kulia, akauweka wangu juu yake, tukatikisa pamoja, polepole, kwa muda mrefu, hata nikasikia ndani sauti ikibadilika, siagi inashikana. Miaka mitatu hakunionyesha. Nilifikiri ni dharau. Kumbe hakuweza kuinua mkono mbele yangu bila mimi kujua.

Tarehe 1 Desemba

Dokta alikuja na furaha. Aliandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: analala, anakula, anatembea, akili safi. Kisha nikampa kamba ya kupimia. Uvimbe wa kwapani umeongezeka upana wa vidole viwili tangu Oktoba. Na kuna mwingine shingoni.

"Hilo tutaliandika baadaye," alisema.

"Dokta, kama mwenzako wa mbali akisoma, atawaambia wagonjwa wake nini?"

Alinitazama. Akachukua tena kalamu, akaandika vidole viwili, akaandika shingo. Maandishi ya upande ule ni mabaya kuliko ya upande wa kwanza, lakini yapo.

Nilipokuwa nikichemsha sindano nilifikiri sana. Sumu hii haikufukuza kansere. Imelaza tu neva inayoleta habari. Kama mtu angeniuliza Septemba, ningesema hiyo si dawa. Leo nyuma ya nyumba yuko mwanamke anayegombana na kuku kwa sauti kubwa, na nashindwa kusema si dawa. Labda siku moja wenye maabara kubwa watajua ni kitu gani ndani ya matone yale kinachofanya kazi, na kingine wakitupe. Sisi tulikuwa na dende, mpira na bilauri.

Tarehe 3

Habari mbaya kutoka Walikale. Dereva wa lori ameleta barua kwa Dokta, nasi tumeambiwa. Isidore alitaka kuleta nyoka wa tatu kabla chupa haijaisha. Hakuna aliyemtuma. Alimkamata kwenye mvua, mkono uliteleza. Ameumwa kwenye mkono wa kushoto. Watu wake walikaa naye siku mbili wakimwita jina. Anaishi. Vidole viwili vimeoza, vikakatwa.

Nilimwambia mama mkwe yote, sikupunguza. Alikaa akitazama mvua.

"Mwite Rukara," alisema mwishoni.

Tarehe 5, siku ya Mungu

Rukara amekuja. Mama mkwe alimwambia kwamba anampa Isidore mtamba, yule mwekundu, mtoto wa ng'ombe wake Gaju.

"Mama! Mutoto wa Gaju? Kwa mutu wa pori?"

"Kwa Isidore."

"Kule hakuna malisho, ni miti tu. Hajui ngombe. Ataichinja, ataikula!"

"Aikule. Ni yake."

"Anaweza kupewa mbuzi."

"Vidole yako mbili ni mbuzi?"

 Kwetu ng'ombe hutolewa kwa rafiki ambaye watoto wenu watamkumbuka. Nilimwona Rukara akihesabu kichwani, si ng'ombe, bali watu ambao mama yake aliwahi kuwapa. Nafikiri hawakuzidi wawili.

Tarehe 8

Amepanda kilima na fimbo yake, akasimama kati ya ng'ombe wa Semana, akaita kila mmoja kwa jina. Alikaa kule hadi mchana. Wakati wa kushuka alinishika bega. Ni mwepesi sana sasa.

Tarehe 11

Pumzi inakatika. Dokta alikuja bila siku yake, akamsikiliza kifua. Ugonjwa umeingia mapafuni. Akasema anaweza kumtafuta mtu mwingine wa nyoka, tuongeze kipimo. Mama mkwe akasema, "Acha. Nyoka nao bapumzike." Akamshukuru. Dokta alitoka haraka, akakaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha.

Tarehe 14

Matone ya mwisho. Hana maumivu. Anaongea na Semana juu ya baba yake.

Tarehe 16

Mama amekufa leo, saa tatu za asubuhi. Aliomba uji, akaonja, akasema una chumvi nyingi. Kisha akaegemea mlango. Padri alikuwa amekwisha kumpaka mafuta jana. Hakupiga kelele hata moja.

Tarehe 17

Tumemzika Kirolirwe. Watu wengi, mvua nyembamba.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, shangazi mmoja wa ukoo alisema kwa sauti ya kusikika na wote, bila kunitazama, "Sumu haikose kazi yake."  Niliona wanawake waliokuwa karibu yangu wakisogea kidogo, kila mmoja kidogo tu, mpaka nikabaki peke yangu kwenye majani. Semana alianza kuja upande wangu. Lakini Rukara alikuwa amekwisha kusema.

"Shangazi, ni miye nilienda kumutoa mama kule. Na machela. Mama alinikalisha chini. Akauliza yote mbele yangu: ni nyoka gani, ni kipimo gani, nani alikufa. Mukamwana akajibu yote, hata ile yenye ingemuponza yeye mwenyewe. Mama alikubali na kinywa yake. Mwenye iko na neno, aniambie miye."

 Alisimama karibu nami hadi watu walipotawanyika, na hakunisemesha, alikuwa analia.

Naandika hivi ili nisisahau: kama tarehe 26 ningesema dawa ya Ulaya, leo asingekuwa na kitu cha kuwaambia.

Mpofi, tarehe 23

Tumetembea siku nne, Semana mbele, mtamba katikati, mimi nyuma. Rukara alitusindikiza hadi pale malisho yanapoisha na miti inaanza, akamfunga mtamba kengele, akageuka bila kuaga. Njia inashuka na kushuka. Joto linapanda, matope yanakuwa mekundu, na mtamba alisimama kila mara kutafuta majani kwenye kivuli asichokijua.

Isidore alitoka nyumbani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Nilimpa pole, akanipa. Nilimwambia kwamba Mama amekwenda.

"Alikuwa analala?"

"Alilala, Papa Isidore. Karibu mwezi mzima alilala."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha nikapiga goti, nikamwambia jambo la kile kiti na kreolini. Akanitazama bila kuelewa kwanza, kisha akaelewa. "Mama muuguzi," alisema, "bantu wengi hawanipe hata kiti."

Semana alisema maneno ya kutoa ng'ombe, kama baba yake alivyokuwa akiyasema, jina la mtamba na la mama wa mtamba na la aliyemtoa. Akanyoosha kamba.

Isidore hakuipokea. Alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, hadi ukuta wa nyumba. Mtamba alinyoosha shingo kumnusa, na yule mtu anayeingiza mkono kwenye kikapu cha inshira akajibana ukutani, jasho usoni, ameinua mkono wake wenye vidole vitatu juu ya kifua.

"Semana," aliuliza polepole, "hii inauma?"